Bei Kwanza, Maji Baadaye

Jumamosi, kabla jua halijapanda juu ya barabara ya Mbagathi, wanawake wa Soweto Mashariki, Kibera, walikuwa wameshajaa ukutani mwa maghorofa ya Nyayo Highrise. Walikaa juu ya mawe au juu ya mitungi iliyolazwa ubavu, leso zimefungwa kiunoni, na geti lilipolia tu wote waligeuza shingo. Kila mmoja alikuwa na mahali pake, na ole wake mgeni aliyekalia jiwe la mwenzake bila kuuliza. Akitokea mwenye nyumba aliyevaa kandambili, walijua ni kazi. Akitokea aliyevaa viatu, huyo anaenda mjini, hana haja nao.

Mama yangu alikuwa mmoja wao. Mama mdogo, dada yake anayemfuata, aliishi Gatina kule Kawangware na alifanya kazi hiyo hiyo upande wa Lavington. Nairobi imepangika hivyo: penye maghorofa na mifereji, hapakosi mtaa wa mabati karibu unaotoa mikono ya kufua. Kawangware inalisha Lavington, Mukuru inalisha South B, na Kibera yetu inalisha Lang'ata, Ngumo na Golf Course. Ila mama mdogo alikuwa na mwendo kabla ya kufika kwenye nguo za watu, na sisi tulikuwa ukuta kwa ukuta. Moshi wetu uliingia madirishani mwa Highrise, na taarifa ya habari ya saa moja ya Highrise tuliisikiliza tukiwa vitandani mwetu.

Wazee wa Soweto walipenda kusimulia kwamba maghorofa yale, yaliyoinuka enzi za Moi, yalikusudiwa watu wa mabanda, kisha yakachukuliwa na wenye mishahara. Hadithi hiyo ilipigwa kila jioni penye kibanda cha mutura, na kila aliyeisimulia aliongeza chumvi. Mama hakuiingilia. Alisema nyumba ambayo hukupewa huwezi kuingia ukalala, lakini unaweza kulipwa ukapiga deki.

Nilianza kufuatana naye mwaka 2003, mwaka ambao serikali mpya ya Kibaki ilifuta karo ya shule za msingi. Siku za wiki nilikuwa darasani, tumebanana madawati hadi wengine wanaketi sakafuni. Jumamosi nilikuwa msaidizi wa mama. Kazi yangu ilikuwa soksi, vitambaa vya mezani, na kubeba vibanio.

Sikuwa nimewahi kupanda ngazi maishani. Shule yetu ilikuwa ya chini, kanisa letu la chini, na nyumba yetu ukiinua mkono unagusa mabati. Ngazi za Highrise zilinikuta mtoto wa miaka tisa asiyejua kwamba sakafu inaweza kuwa dari ya mtu mwingine. Nilizipanda nikiupapasa ukuta kwa viganja, na mama mbele yangu na mtungi wa lita ishirini kichwani, hashiki popote. Maji ya mfereji hayakuwa na nguvu ya kufika juu siku nyingi, kwa hiyo kufua ghorofa ya nne maana yake ni kwanza kuyapandisha maji yenyewe. Mtungi mmoja wa kuloweka, wa pili wa kufulia, na miwili ya kusuuza kama kuna shuka nyeupe. Mama fua mgeni hakuyahesabu hayo. Alikubali bei mlangoni, akagundua mfereji umekauka, na jioni akashuka na pesa zile zile na kiuno kinachouma.

Mama hakuwa mgeni. Alisimama mlangoni, akaangalia rundo, akauliza, "Maji yako?" Akiambiwa hakuna, alisema, "Basi nguo ni mia na hamsini, na maji ni kando." Hapo ndipo alipokunja mikono ya blauzi. Hakuwahi kutia kidole majini kabla bei haijasemwa na kukubaliwa. Wenzake walimwona mkaidi, na kweli kuna Jumamosi alizorudi mikono mikavu kwa sababu hiyo. Siku hizo tulikula uji usiku na asubuhi.

Lakini nilitaka kusema habari za roshani. Kamba za kuanikia zilifungwa nje kidogo ya vyuma vya roshani, kwa hiyo mtu wa kuanika lazima aegemee na kunyoosha mikono hewani. Mara ya kwanza nilifika mlangoni mwa roshani nikaketi chini. Miguu iligoma. Mama hakunibembeleza wala hakunikaripia. Alitoa blanketi kwenye karai, blanketi zito la watu wawili, akanitupia ncha moja. Anayelijua blanketi lililolowa anajua halikamuliki na mtu mmoja: mmoja anazungusha kulia, mwenzake kushoto, mnalivuta hadi likaze kama kamba ya ng'ombe, na mmoja akilegea maji yote yanarudi ndani. Akaniambia, "Tazama mikono yangu." Nikatazama mikono yake, vidole vimekunjamana kwa sabuni, kucha zimekuwa nyeupe. Tulizungusha, tukarudi nyuma hatua, tukazungusha tena. Blanketi lilipoisha kutiririka nilikuta mgongo wangu umegusa vyuma.

Kisha nikageuka, nikaona kwetu kutoka juu.

Sikuwa nimewahi kujua kwamba paa letu lina gurudumu la gari. Liliwekwa na baba kabla hajatuacha, ili upepo usibebe mabati, na pembeni kulikuwa na mawe na kiatu kimoja cha mtoto ambacho hakikuwa cha yeyote wa nyumba yetu. Paa zote zilikuwa rangi ya kutu, zimeshikana hadi huoni njia kati yake. Ng'ambo niliona uwanja mkubwa wa kijani nikamuuliza mama mbona hatujawahi kwenda kucheza pale. Akacheka hadi akaweka ndoo chini. Lilikuwa Bwawa la Nairobi, limefunikwa na magugu maji. Lilijengwa mwaka 1953, na palikuwa na klabu ya watu wa kuendesha mashua za tanga. Hadi leo nikipita Lang'ata nashindwa kuziweka mashua pale akilini.

Watu husema ujasiri ni kutoogopa. Sijui wanaosema hivyo waliwahi kuanika blanketi wapi. Mimi niliendelea kuogopa roshani zile kwa miaka, na niliendelea kuanika, na hakuna siku mambo hayo mawili yalikutana yakaamua mshindi.

Usiku mama aliomba kwa sauti, na kitanda kilikuwa kimoja, kwa hiyo sote tulisikia. Sijasikia tena mtu anayeshukuru kama yeye. Hakusema "asante kwa yote". Alitaja. Asante kwa soja wa geti aliyetupitisha mapema. Asante kwa mama mboga aliyetukatia sukuma ya shilingi kumi ikatosha watu wanne. Asante kwa nusu ya mkate wa ghorofa ya tatu, ambao haukuwa umechacha. Alikuwa na imani kwamba shukrani isiyotaja kitu ni ya mtu ambaye hakuangalia alichopewa. Na akimaliza hapo hakusema amina. Aliendelea, kwa sauti ile ile: "Na ghorofa ya pili bado mia na hamsini, Baba, wiki ya pili sasa." Ndugu yangu mdogo alizoea sana maombi hayo, hata alipoombwa kubariki chakula kanisani siku moja akataja mtu aliyekuwa na deni letu la mafuta ya taa. Mchungaji alifungua macho.

Palikuwa na mama mmoja mle Highrise, mpole, mwenye mkono wazi. Kila tulipomfulia alitufungia kitu: sketi iliyombana, viatu vya mwanawe, pilau ya jana kwenye mfuko. Mama alipokea kwa mikono miwili na kutaja kila kimoja. Lakini kadiri mifuko ilivyonona ndivyo pesa zilivyochelewa. Jumamosi moja tulipomaliza alituletea mfuko mkubwa wa nguo, akasema, "Leo nimekusaidia vizuri, au siyo?" Akaanza kufunga mlango.

Mama akasema, "Asante kwa nguo, mama. Gauni hili la bluu litamfaa msichana. Na kufua ni mia mbili."

"Lakini si nimekupa hizo?"

"Umenipa, na nimeshukuru. Hizo ni zako za kunipa. Mia mbili ni yangu."

Mlango ulifungwa bila pesa kutoka. Kule ukutani wenzake walimsema. Mtu anakupa gauni zima unamdai? Kesho atachukua mwingine. Na kwa kweli hofu yao ilikuwa na msingi, maana wanawake ukutani walikuwa wengi kuliko nguo. Kazi hii haikuwa na karatasi, na anayekupa shuka zake asubuhi anaweza kumpa jirani yako mchana. Ndiyo maana zawadi zilikuwa na uzito. Ukishapokea viatu vya mtoto, ulimi unaanza kuona haya kutaja mia mbili, na wapo watu wanaolijua hilo vizuri, na wapo wasiolijua ila linawafaa vilevile. Sidhani yule mama alikuwa mwovu. Nadhani hakuwahi kulazimika kutenganisha vitu hivyo viwili.

Jumamosi iliyofuata tulifua tena kwake, tukaahidiwa. Kisha mama akashikwa na homa, akalala siku kadhaa, na nyumbani paliisha unga. Akaniita. Nilidhani ananituma dukani kukopa. Akasema, "Panda kwa yule mama. Utamshukuru kwanza kwa gauni, kisha utamwambia ni mia nne. Kama nilivyosema, kwa mfuatano huo."

Nilibisha hodi. Akauliza nani, nikasema ni mtoto wa mama fua. Akafungua.

"Mama anasema asante kwa gauni na viatu. Na anaomba zile mia nne za Jumamosi mbili."

Alicheka kwanza, kama mtu anavyocheka mtoto akitumia neno la watu wazima. Halafu akaona sicheki. Akaingia ndani, nikasikia droo inafunguliwa, akarudi na noti tatu za mia. "Mwambie hiyo nyingine wiki ijayo."

Nilipaswa kusema asante niende. Hiyo ndiyo adabu niliyofundishwa na kila mtu, mama akiwemo. Nikabaki nimesimama, nimeshika fremu ya mlango, nikitazama kandambili zake.

"Mama alisema mia nne," nikasema.

Sikumbuki uso wake. Nakumbuka televisheni nyuma yake na harufu ya vitunguu. Alienda akarudi na sarafu, ishirini ishirini na kumi kumi, akazihesabia kiganjani mwangu moja moja, na zilipotimia mia nikamshukuru kwa kila kitu kama nilivyofundishwa. Nilishuka ngazi nimeshika ukuta kama kawaida yangu. Kazi kwake hatukuipoteza. Zawadi zilipungua, malipo yakaja kwa wakati, na mama akaona hiyo ni biashara nzuri. Miaka mingi baadaye, nilipoitwa kwenye usaili wa kazi mjini na kuulizwa nataka mshahara gani, nilijikuta nimewashukuru kwanza kwa chai.

Uchaguzi ulikuwa tarehe 27 Desemba 2007, na matokeo yalipotangazwa jioni ya tarehe 30 Kibera iliwaka. Mengi yameandikwa kuhusu siku zile: soko la Toi lililoteketezwa, reli iliyong'olewa, watu waliokimbilia uwanja wa maonyesho wa Jamhuri na mafurushi yao. Sina haja ya kuyarudia. Ninachokumbuka zaidi ni ukuta wa Highrise ukiwa mtupu. Hakukuwa na aliyefuliwa nguo, na duka lililofunguliwa lilifungua kidirisha tu, kwa bei yake. Kawangware nako kulichafuka, mama mdogo hakuweza kutufikia ingawa kwa matatu si mbali. M-Pesa ilikuwa imeanza Machi mwaka ule ule lakini mawakala wa kwetu walifunga. Mama mdogo akawa anatutumia salio la simu. Mama alilipeleka kwa mwenye kidirisha, akamrushia, akapewa unga. Salio likawa pesa, na kila mtu akaona kawaida.

Ghorofa ya tatu aliishi mwalimu mmoja, mwenyeji wa Nyeri, peke yake. Ndiye wa nusu ya mkate. Siku ya tatu au ya nne ya vurugu mama alikaa akitazama jiko, akasema, "Yule mwalimu anapikia gesi, na mtungi wake ulikuwa unaisha kabla ya Krismasi." Akachukua makaa, akayafunga kwenye mfuko, akayaweka ndani ya karai, juu akatandika shuka zetu zilizokunjwa. Akanipa vibanio nibebe. Tukatoka.

Pale njia inapokutana na ukuta vijana walikuwa wameweka mawe. Wengine niliwajua, wawili nilisoma nao. Mmoja akauliza, "Mama, unaenda wapi?"

"Kurudisha nguo za watu."

"Za nani?"

"Za watu. Nguo hazipigi kura, mwanangu."

Wakacheka, na walipokuwa bado wanacheka tukapita. Nilihisi mgongo wangu mzima umekuwa sikio. Mama hakuharakisha mwendo. Mtu anayerudisha nguo hakimbii.

Mwalimu alifungua mlango upana wa mnyororo, akatutazama kwa muda kabla ya kuutoa. Ndani alikuwa na mchele, maharagwe na pakiti za unga, na alikuwa akila mkate mkavu kwa sababu hakuwa na cha kuwashia. Mama alimwashia jiko letu roshani, lile dogo tulilokuwa tumelibeba chini ya makaa, akamwachia. Mwalimu akafungua pochi. Mama akasema, "Hapana, mwalimu. Leo sikuja kazini." Yeye ambaye hakuwahi kuacha shilingi ya mtu ipotee, aliisukuma ile noti irudi kwenye pochi. Tulipokuwa tunaondoka mwalimu akatia pakiti ya unga kwenye karai, na hiyo mama akaipokea kwa mikono miwili, akaitaja. Usiku ule maombi yalikuwa marefu, na hayakuwa na deni la mtu.

Mkataba wa amani ulitiwa saini tarehe 28 Februari 2008. Wanawake walirudi ukutani kidogo kidogo. Mawe mengine hayakukaliwa tena, na kwa wiki kadhaa hapakuwa na aliyeyasogelea, hata wageni.

Mwaka uliofuata ukame ulikuwa mkali. Nairobi iligawiwa maji na stima kwa zamu, na bei ya mtungi ikapanda hadi mama akabadilisha hesabu zake zote mlangoni: sasa maji yalitajwa kwanza na nguo ndizo zikawa kando. Ndipo likaja lile tulilokuwa tukilisikia kwenye mikutano hadi tukaacha kuliamini. Septemba 2009 watu wa sehemu yetu ya Soweto Mashariki walianza kuhamishwa kwenda nyumba 600 zilizojengwa Lang'ata, tukae huko wakati mabanda yanabomolewa na maghorofa kujengwa mahali pake. Maghorofa hayo yalikabidhiwa mwaka 2016, na yana visa vyake ambavyo si vya leo. Kule Lang'ata mgao ulikuwa chumba kimoja kwa kila familia, familia tatu kwa jikoni moja na choo kimoja. Majirani zetu wapya walikuwa mzee fundi wa viatu na mkewe, na mama mmoja mwenye pacha waliolia kwa zamu. Magazeti yaliandika kwamba tumefika Kanani. Mama aliingia, akafungua mfereji, maji yakatoka. Akaufunga. Akaufungua tena.

Siku ya kuhama lori lilipakia vitu vya nyumba kadhaa kwa pamoja, magodoro juu ya masufuria, kuku ndani ya sanduku. Tulipofika, vitu vikateremshwa kwa haraka maana dereva alikuwa na safari nyingine. Watu walikuwa wakiimba, wengine wakilia. Mama alimwendea dereva kwenye dirisha lake, akamshukuru kwa kuendesha polepole pale penye matuta, kwa kutovunja kioo cha kabati, kwa kumpa ndugu yangu nafasi mbele. Dereva akasema karibu, mama, akawasha gari. Mama akamwambia angoje kwanza. Akaanza kuhesabu mitungi yake pale chini, akigusa kila mmoja kwa mguu. Ulipungua mmoja, ule wa njano wenye kifuniko cha kufungwa kwa kamba. Dereva akapiga honi, watu wakamwambia mama aachane na mtungi, leo ni siku ya furaha. Akasimama mbele ya lori, mikono kiunoni, hadi wapakuzi walipopanda tena, wakainua godoro la jirani lililobaki nyuma kabisa, na wakaushusha.